Ghala Lililo Winguni Nalo Lahitaji Bawabu

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Kiambu humfanya mtu ajute kuamka, nilisimama katika kituo cha kukusanyia maziwa kilicho nje kidogo ya mji wa Ruiru. Nilikuwa nimempeleka jamaa yangu aliyekuwa na mitungi miwili ya maziwa na baiskeli iliyoharibika. Tuliwakuta wakulima yapata thelathini wamepiga foleni, naye karani amekaa juu ya kreti akiitazama simu yake ya kazi kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mtambo ulikuwa umelala. Mizani ilikuwepo, mitungi ilikuwepo, lori lilikuwepo na dereva wake alikuwa amekwisha kuwasha injini mara mbili. Maziwa hayangeweza kupokewa kwa kuwa kila lita sharti iandikwe kwenye simu ile, na simu ile haikuwa na mahali pa kuandika.

Ajuza mmoja aliyekuwa mbele yetu alimwuliza karani, "Mwanangu, na yale niliyoleta jana na juzi yako wapi?"

"Yako kwenye wingu, nyanya."

Bi kizee aliinua macho akaitazama mbingu, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imejaa mawingu kutoka upeo hadi upeo. Tulicheka sote, naye akacheka pamoja nasi. Saa mbili baadaye lori lilipoondoka likiwa nusu tupu, hapakuwa na mtu aliyekuwa akicheka.

Kampuni iliyokuwa ikinunua maziwa hayo sitaitaja, maana sikuandika makala haya ili kumshtaki yeyote. Nimeyaandika kwa sababu ya jibu la yule karani. Chakula chetu, au tuseme habari zote za chakula chetu, kimehamia katika wingu, na sidhani kwamba tumejiuliza vya kutosha ni nani analilinda.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba wingu hilo halina uhusiano wowote na mvua. Ni kompyuta za watu wengine, zilizopangwa kwa maelfu katika majumba yenye viyoyozi na walinzi, ambazo kampuni hukodi nafasi ndani yake kama vile mfanyabiashara wa Thika anavyokodi ghala. Microsoft ilifungua vituo vyake vya aina hiyo nchini Afrika Kusini mwaka wa 2019, na Amazon ikafuata mjini Cape Town mwaka wa 2020. Vingine viko Ulaya na Marekani. Mwenye kiwanda huupenda mpango huu kwa sababu zilizo wazi. Hanunui mitambo ya bei ghali ambayo itazeeka baada ya miaka mitano. Moto ukizuka ofisini daftari zake haziungui. Na meneja aliyesafiri kwenda Mombasa huiona hesabu ya ghala la Thika dakika ile ile. Siwalaumu hata kidogo waliohamia huko. Mtu anayewashauri warudi kwenye makabati ya chuma hajawahi kukitafuta cheti cha mwaka juzi katika kabati la chuma.

Msomaji asiyeifahamu sehemu hii huenda akauliza kwa nini nahangaikia Ruiru na Thika. Kati ya miji hii miwili ni mwendo wa kilomita ishirini hivi, kwa barabara kuu iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, na sidhani kwamba kuna kilomita ishirini nyingine katika nchi hii zinazolisha watu wengi hivyo. Ruiru ndiko kwenye kampuni ya Brookside, inayonunua maziwa ya wakulima kutoka pembe nyingi za Kenya. Ruiru pia ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichotupatia kahawa ya aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985. Ukiipita Juja na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, unaingia Thika: mafuta ya kupikia ya Bidco, unga wa Capwell, maji ya matunda ya Kevian, mkate wa Broadways, kisha ng'ambo ya mji mashamba ya mananasi ya Del Monte ambayo macho hayafiki mwisho wake. Nayataja majina haya kwa heshima, wala sina habari ya doa lolote katika ulinzi wao. Nayataja ili msomaji apime mwenyewe: ikiwa siku moja ghala la habari la sehemu hii litavunjwa, ni meza ngapi zitakosa kifungua kinywa?

Wapo watakaosema kwamba wezi wa mitandao hutafuta benki, hawatafuti viazi. Mambo yaliyotokea duniani miaka hii michache yawakanushe. Mwezi wa Mei mwaka wa 2021 wahalifu waliingia katika kompyuta za JBS, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya nyama, wakazifunga, na machinjio ya Marekani, Kanada na Australia yakasimama. Kampuni ililipa kikombozi cha dola milioni 11. Mwezi wa Februari mwaka wa 2023 ikawa zamu ya Dole, ambayo mananasi yake hushindana na ya Thika katika masoko ya dunia. Viwanda vyake vya Amerika Kaskazini vilifungwa kwa muda, na baadaye kampuni ikasema hasara ilifikia dola milioni 10.5. Mwishoni mwa Septemba 2025 kampuni ya Asahi ya Japani ilipigwa vivyo hivyo. Mapipa ya bia hayakuguswa. Kilichoguswa ni mtambo wa kupokea maagizo na kupeleka shehena, lakini hilo lilitosha kuvisimamisha viwanda, na makarani wa nchi inayosifiwa kwa ufundi kuliko zote wakarudi kwenye kalamu, karatasi na faksi.

Kisa kinachonigusa zaidi ni kidogo kuliko hivyo. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2021, nchini Uholanzi, kampuni ya uchukuzi iitwayo Bakker Logistiek ilishambuliwa, na kwa siku kadhaa jibini ikaadimika katika maduka ya Albert Heijn. Jibini yenyewe haikuwa imeibwa. Ilikuwa imetulia katika maghala ya baridi kama ilivyokuwa jana yake. Ila ghala lenyewe lilikuwa kubwa mno, na kompyuta ndiyo pekee iliyojua kila shehena iko katika rafu gani. Kompyuta ilipofungwa, watu walisimama mbele ya chakula wasijue pa kuanzia. Niliposoma habari hiyo niliwakumbuka wakulima wa Ruiru na mitungi yao.

Hata hapa kwetu mlango umekwisha kubishwa. Mwezi wa Aprili 2023 maduka ya Naivas, ambayo wakazi wa Thika na Ruiru wanayafahamu vyema, yalitangaza kwamba yalikuwa yameshambuliwa na wahalifu wa kudai kikombozi na kwamba huenda baadhi ya data zake ziliguswa. Maduka hayakufungwa. Nawapa heko wakuu wa kampuni hiyo kwa kulisema jambo hili hadharani, maana wengi katika nchi hii wangelificha chini ya zulia.

Hata hivyo, kufungwa kwa mtambo si jambo linaloninyima usingizi. Mtambo uliofungwa hupiga kelele. Kila mtu hujua kwamba pana wizi. Linaloniogofya ni yule mwizi anayeingia kimya, akabadilisha tarakimu moja, akatoka.

Nitaeleza kwa nini. Mwaka wa 2004 watu walikufa katika nchi hii kwa kula mahindi yao wenyewe. Yalikuwa yameota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, na katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na hii yetu ya Thika wagonjwa 317 waliorodheshwa, na 125 kati yao wakaaga dunia. Tangu hapo viwango vimekazwa. Mahindi yanayopita sehemu 10 za sumu hiyo katika kila sehemu bilioni moja hayafai kuliwa na binadamu. Kwa hiyo katika kila kiwanda cha unga kinachojiheshimu mna maabara, na ndani ya maabara mna karani anayepima na kuandika. Zamani aliandika katika daftari kwa wino, na aliyetaka kubadilisha 14 kuwa 4 alilazimika kukwaruza karatasi hata ikachakaa. Leo karani huandika kwenye kompyuta, na matokeo hupanda winguni. Kuifuta ile 1 ni kazi ya kidole kimoja, na hakuna karatasi ya kuchakaa.

Hali ni hiyo hiyo kwa maziwa. Maziwa yanayochemshwa kiwandani kwa njia ya haraka hutakiwa kufika nyuzi 72 za selsiasi na kudumu hapo kwa sekunde 15. Vipimajoto huandika vyenyewe, mchana na usiku, na mkaguzi akija huonyeshwa maandishi hayo. Mwenye kuyageuza maandishi huweza kuipitisha bidhaa mbovu. Huweza pia, akiwa mshindani mwenye roho mbaya au mfanyakazi mwenye kisasi, kuifanya bidhaa safi ionekane mbovu hata imwagwe mtoni. Na huyo mwenye kisasi hahitaji kuwa gwiji wa kompyuta huko ughaibuni. Aghalabu ana ufunguo mfukoni mwake tayari.

Hapa ndipo akili unde inapoingia, na sitaki kuisifu kuliko inavyostahili. Wauzaji wake wanaipamba kana kwamba ni malaika. Mimi huielewa kwa kumkumbuka bawabu mmoja mzee aliyekuwa akilinda lango la kiwanda mjini Thika nilipokuwa kijana. Hakuwa amesoma sana. Alikuwa akiyajua malori yote kwa mlio, na aliyajua majira yake. Lori la unga likitoka saa kumi alfajiri hakuinua hata kichwa. Siku moja lori lilo hilo lilitoka saa saba usiku, naye akalisimamisha, akapiga filimbi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni wizi. Mazoea yake ndiyo yaliyomwambia.

Akili unde inayolinda wingu hufanya kazi ya mzee yule, ila malango yake ni maelfu na malori yake ni mamilioni. Kila anayeingia katika ghala la habari huacha alama: nani, saa ngapi, kutoka wapi, alifungua nini, alichukua kiasi gani. Alama hizo ni nyingi mno hata watu mia wakizisoma usiku kucha hawatazimaliza. Mashine huzisoma zote, ikajifunza mazoea ya kila mtu. Ikajua kwamba karani wa maabara huandika matokeo arobaini kwa siku na hayarudii. Jumapili moja ikamwona akiyafungua matokeo mia mbili ya mwezi uliopita na kuyasahihisha moja baada ya jingine, nayo ikapiga filimbi. Au ikamwona mhasibu, ambaye saa nne za asubuhi alikuwa ofisini Thika, akiingia saa nne na nusu kutoka nchi ya mbali na kuanza kupakua orodha nzima ya wakulima pamoja na nambari zao za simu na za benki. Binadamu angeligundua jambo hilo baada ya miezi mitatu, mkaguzi wa hesabu akija.

Na tusisahau kwamba wezi nao wanaitumia akili hiyo hiyo. Zamani barua ya mlaghai tuliitambua kwa makosa yake ya tahajia. Siku hizi huandikiwa na mashine kwa Kiingereza cha mawakili, na hata kwa Kiswahili safi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 ilifichuka kwamba mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong alikuwa ametuma dola zipatazo milioni 25 baada ya kuongea kwa video na wakubwa wake, ambao sura na sauti zao zilikuwa za kughushi. Tukiwaachia wezi chombo hiki peke yao, tutakuwa tumeingia uwanjani mikono mitupu.

Kwa hiyo naunga mkono, tena kwa dhati, kwamba viwanda vya chakula vya Thika na Ruiru viajiri bawabu wa aina hii. Ila nina masharti.

Sharti la kwanza lahusu sisi wenyewe zaidi ya mashine. Bawabu hujifunza mazoea ya watu, na ili ajifunze lazima amjue kila mtu kwa uso wake. Nenda katika vituo vingi vya mazao na maghala mengi madogo. Utakuta simu moja inayotumiwa na makarani watatu kwa zamu, na neno la siri moja limeandikwa kwa kalamu ya wino chini ya kalenda ukutani, karibu na picha ya mwajiri. Nimeliona kwa macho yangu, na neno lenyewe lilikuwa jina la mji likifuatwa na mwaka. Katika macho ya mashine makarani hao watatu ni mtu mmoja wa ajabu asiyelala kamwe, aliye mahali pawili kwa wakati mmoja. Mashine itaamua mojawapo ya mambo mawili: ama ipige kelele kila saa mpaka mtu aizime kwa hasira, ama izoee kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo, na mwizi akija imsalimie. Mwaka wa 2024 wateja wengi wa kampuni ya wingu iitwayo Snowflake waliibiwa habari zao, na uchunguzi ukaonyesha kwamba hapakuwa na mlango uliovunjwa. Wezi walikuwa na maneno ya siri ya kweli yaliyoibwa mahali pengine, na akaunti hizo hazikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Kabla ya kununua akili ya mashine, basi, kila karani apewe jina lake, neno lake na uthibitisho wake. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha wakurugenzi.

Mazoea yenyewe nayo yawe yetu. Bawabu aliyefunzwa katika ofisi za California hudhani kwamba anayeingia kazini saa tisa za usiku ni mwizi, kumbe Thika zamu ya usiku ni jambo la kila siku. Hudhani kwamba malipo elfu kadhaa yanayotoka kwa simu katika saa moja ni uporaji, kumbe ni siku ya kuwalipa wakulima. Hajui Krismasi yetu, hajui kwamba mvua ndefu huongeza maziwa, hajui kwamba umeme ukikatika mji mzima vipimajoto vyote hunyamaza pamoja pasipo hila ya mtu. Afundishwe haya na watu wanaoyajua. Tena maonyo yake yaandikwe kwa lugha ambayo msimamizi wa zamu anaisoma. Nimeonyeshwa onyo moja la mashine lililojaa Kiingereza cha mafundi, na msimamizi aliyepaswa kulifanyia kazi usiku huo alikiri kwangu kwamba alikuwa akiyafunga maonyo hayo kama anavyofukuza nzi.

La pili, na hili nalishikilia kuliko yote, bawabu asikabidhiwe funguo zote. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake hasa ni ulinzi wa kompyuta na ambayo hujivunia akili unde yake, ilituma sahihisho moja lenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 ulimwenguni zikazimika. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha matibabu. Hapakuwa na mwizi siku hiyo. Ni mlinzi aliyeanguka mlangoni akauziba. Katika kiwanda cha chakula kosa kama hilo lina harufu. Mashine iruhusiwe kumfungia mtu anayeshukiwa, kuchelewesha upakuaji, kuamsha watu. Isiruhusiwe kuzima chumba cha baridi, wala kusimamisha mtambo wa kuchemshia maziwa, pasipo mkono wa mtu aliyepo na anayeona. Na huyo karani anayefungiwa apate mahali pa kujieleza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika mambo yanayomwathiri kwa uzito, na sioni kwa nini haki hiyo iishie nje ya lango la kiwanda.

Pamoja na hayo, bawabu anayeishi winguni hafikiki barabara ikikatika. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa kama konokono. Kiwanda kiwe na nakala ya kumbukumbu zake karibu, isiyoweza kufutwa kutoka mbali, na kiwe na daftari. Sioni haya kulitaja daftari. Ningependa kila kiwanda kiwe na asubuhi moja kwa kila miezi mitatu ambapo mtambo unazimwa kwa makusudi na maziwa yakapokewa, yakapimwa na kuandikwa kwa mkono, kama tunavyofanya mazoezi ya moto. Wajapani wa Asahi walilazimika kujikumbusha ujuzi huo katikati ya msiba.

Wakubwa wataweza haya yote wakitaka. Wana fedha, wana wataalamu, na wanunuzi wao wa ng'ambo watawasukuma. Shaka yangu iko kwa wadogo: msagaji wa unga mwenye wafanyakazi kumi na wawili katika mtaa wa viwanda wa Thika, chama cha ushirika cha maziwa, kiwanda cha kahawa cha kijiji. Vyama vya kahawa sasa vinatakiwa kukusanya hata ramani za mashamba ya wanachama ili kutimiza sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu ukataji wa misitu, iliyopitishwa mwaka wa 2023 na ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Yaani mkulima wa ekari moja amepelekwa winguni pamoja na mipaka ya shamba lake, na chama chake hakina hata fundi mmoja wa kompyuta. Akiibiwa huko hatajua kwamba ameibiwa.

Hawa hawawezi kuajiri bawabu kila mtu wake. Wanaweza kumwajiri mmoja kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, katikati kabisa ya barabara yetu. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika. Vijana wanaosomea ulinzi wa mitandao wanahitimu humo kila mwaka na kuranda Nairobi wakitafuta kazi. Serikali ya Kaunti ya Kiambu na Chama cha Wenye Viwanda wakikubaliana, kituo kimoja cha ulinzi kingeweza kutazama maghala ya viwanda vidogo hamsini, na mashine iliyoona hila katika kiwanda kimoja asubuhi ikawaonya wengine kabla ya adhuhuri. Serikali kuu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Akili Unde mwezi wa Machi 2025, na kilimo kimo miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Mkakati huo unahitaji mahali pa kuanzia, na nimekwisha kuutajia.

Kituo hicho hakitafaulu tukiendelea kufichana. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka wa 2018 yamtaka mwenye mtambo ulioshambuliwa atoe habari katika saa 24, na ile ya data yampa saa 72 kumwarifu Kamishna habari za watu zinapovuja kwa namna ya kuwadhuru. Nimezungumza na wasimamizi kadhaa wa viwanda, nao huniambia kwa sauti ya chini kwamba wanunuzi wakisikia watakimbia. Naelewa hofu hiyo. Lakini mfugaji aliyeona ugonjwa wa miguu na midomo katika zizi lake akanyamaza, majirani hawamwiti mwerevu.

Kuhusu wanaouliza iwapo mashine hii itawanyang'anya makarani kazi zao, nasema tu kwamba mashine ninayoizungumzia haipokei maziwa wala haipimi unga. Swali lao lina mahali pake, na nitalirudia siku nyingine.

Nilirudi katika kile kituo cha Ruiru baada ya wiki mbili. Mtambo ulikuwa umeamka siku ile ile jioni, karani aliniambia, na hakuna aliyemweleza ulikuwa umeugua nini: mtandao, umeme, au mkono wa mtu. Wakulima walipoletewa hesabu zao za mwezi, wengi walizikuta sawa. Yule bi kizee alikuta siku mbili hazimo, zile alizoziulizia asubuhi ile. Anavyokumbuka yeye ni lita kumi na moja. Hakuwa na kijikaratasi, kwa maana kituo kiliacha kutoa vijikaratasi kilipohamia kwenye simu. Karani anamwamini, na amemwandikia mkubwa wake mara mbili. Mkubwa amejibu kwamba wingu halionyeshi maziwa yoyote kwa jina hilo katika siku hizo, wala halionyeshi kwamba kuna aliyeyafuta. Hapakuwa na bawabu wa kuulizwa. Bi kizee bado huleta maziwa kila asubuhi, na siku hizi huja na kalamu na daftari la shule la mjukuu wake, na kumtaka karani atie sahihi kila siku.